Kwaya Haina Cheti

Jana binti yangu alirudi kutoka shule akiwa amenuna. Mshauri wa wanafunzi amewaambia wachague shughuli za nje ya masomo, zile ambazo vyuo vya ng'ambo hupenda kuziona. "Mum, nichukue mdahalo ama kuogelea?" akaniuliza. Badala ya kumjibu nikaanza kupanga sufuria zilizokuwa zimeshapangwa. Nimerudi Doha kikazi, rafiki yangu, nimepanga nyumba papa hapa Al Mansoura nilikolelewa, na tangu swali hilo sijatulia.

Enzi zile Ijumaa, siku ya mapumziko huku, ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Ibada ikiisha tulitoka ukumbini mbio, maana Wakristo Wahindi walikuwa mlangoni wakingoja zamu yao ya ibada, kwa hiyo mazoezi ya kwaya yalihamia sebuleni kwetu. Viatu vilijaa mlangoni, mama akisukuma chapati, ndengu zikitokota, mtu ametumwa mkahawani kuleta karak, chai ya maziwa na iliki. Tulifunga madirisha tukaimba kwa sauti ya chini, kwa sababu jirani wa ghorofa ya chini hakukawia kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Kuimba haleluya kwa kunong'ona ni kazi, nakuambia. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mganda, mlinzi wa jengo moja mjini aliyelala kwenye mabweni ya wafanyakazi kule Industrial Area. Alikuja na buti zake za kazi, akatuongoza kwa kidole kimoja, na nilikuwa tayari kukosa chochote wiki nzima ila saa ile.

Kisha nikafika umri wa kutafuta chuo. Mama alikuwa muuguzi, na kama Wakenya wengi wa rika lake aliamini kwamba jambo lisilo na cheti halijatendeka. Alikuwa amenihifadhia hata cheti cha semina ya kupiga mswaki. Ijumaa moja, mbele ya kwaya nzima, alimwomba mwalimu aniandikie cheti cha uimbaji, chenye muhuri.

Mwalimu alicheka, kisha akaona mama hatanii. "Mama, muhuri mimi nitatoa wapi? Kwaya haina cheti. Huyu mtoto anamwimbia Mungu tu."

"Mungu ameshasikia, mwalimu. Sasa nataka chuo pia kisikie."

Wiki iliyofuata niliandikishwa kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja, Ijumaa hiyo hiyo, saa ile ile. Nililia, nikagoma kula, nikamwambia siyapendi maji na kwamba kwaya ndiyo niliyo nayo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akanipa taulo. Nilimkasirikia miezi mingi. Nilikuwa naelea kwenye maji yanayonuka dawa, huku akili iko sebuleni, nikiwaza kwamba saa hii wamefika ubeti wa pili, saa hii chapati zinagawanywa. Kuogelea kwenyewe nilikuwa wa mwisho kila mara, lakini cheti nilipata, na muhuri wake unang'aa.

Chuo kilinichukua. Kama walikitazama kile cheti, mimi sijui. Niliporudi likizo, mkataba wa mwalimu ulikuwa umekwisha, amekwenda kwao. Dada mmoja wa kwaya alikuwa amehamia Saudia, mwingine amepata tajiri asiyempa ruhusa Ijumaa, na mlangoni palikuwa na viatu vya watu wa nyumbani tu. Hakuna aliyewahi kuturekodi. Nani angerekodi mazoezi?

Leo binti yangu ameniambia amechagua mdahalo, maana unatoa cheti. Nikamwambia vizuri, nikaendelea kukata vitunguu, na bila kujijua nikaanza kuimba. Akachomoa spika za masikioni.

"Mum, huo ni wimbo gani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Huo naujua, tunauimba kila Ijumaa. Hauko hivyo."

Nikauanza tena, polepole, na kweli, hata mimi niliusikia kama wimbo mgeni. Ndio wenyewe, nikamwambia. Ila mimi nilifundishwa sauti ya pili, ile ya kusindikiza, na waliokuwa wakiimba ya kwanza wote wameondoka.