Jina la Évariste Katika Diski

Mimi sikatai mambo ya kisasa. Taa za umeme ziko nzuri, sinema nimeona mara mbili, na mutu akisema mimi ni mama wa zamani, anadanganya. Mwaka wa 1956 muzungu mumoja alikuja kwetu na mashine ya kukamata sauti. Ni mimi, yaya yake, dada mukubwa, nilimusukuma mudogo yangu Honorine mbele.

"Imba! Watu wa mbali watakusikia."

"Yaya, nyimbo zangu ni za kilio. Nitamulilia nani?"

Sisi wavuvi wa maporomoko, kilio bila jina si kilio. Honorine akataja bwana yake, Évariste, ambaye maji ilimubeba pamoja na kikapu chake cha samaki. Akaimba mpaka mwisho. Nikapiga makofi.

Bon. Miezi saba ikapita. Siku moja ya Mungu, tukitoka misa, tukasikia Honorine analia ndani ya baa ya Valère, na Honorine mwenyewe iko kando yangu. Watu wanacheza. Évariste, Évariste, na chupa mukononi.

Honorine akaingia. "Munamuita kila siku. Atapumuzika lini?"

"Mama, ni muziki," Valère akacheka. "Watu wanywe bia wakisikiliza kimya?"

Alors, siku ya Mungu iliyofuata, Honorine akavua viatu, akarudi pale, akangoja. Jina lilipotajwa tu, akajitupa chini. Na kwetu, mujane akikaa chini kwa kilio, hakuna anayebaki amesimama. Mimi nikakaa. Mama mwenye kuuza makayabu, samaki wa chumvi, pale mulangoni akakaa. Wachezaji wakaangaliana, wakashuka mumoja mumoja na bia zao. Valère peke yake alisimama, mpaka mama yake akaita kutoka chini:

"Weye Valère! Nilizaa muti? Kaa!"

Siku ile ile akatupatia diski. Honorine akaipeleka kwenye mawe ya maporomoko kuitupa. Akainua mukono, akaushusha.

"Yaya, nimutupe mu maji mara ya pili?"

Sasa diski iko chini ya kitanda yangu, ndani ya liputa, kitambaa changu cha kujifunga. Lakini René, mutoto wa kaka yetu, mwenye kufanya kazi mu mashua, ameniambia kule Léopoldville wanaicheza mu kila baa. Nilimukataza asiseme kwa mutu.

Jana Honorine ameniuliza kama iko ingine.

Nimemujibu: "Ni hii moja tu."