Unga Mweupe Magotini

Hasira hunipanda kila kisahani cha jiwe ninachowekea sabuni kinapolowa na kunuka machimbo ya mawe laini ya Tabaka, nilikokulia. Huko, mvua ikijaza shimo lililoachwa na wachimbaji, sisi watoto tuliliita ziwa: maji ya kijani, baridi ya kukata pumzi, vilima vimelala ndani yake.

Siku moja nilishindana na kaka yangu kuogelea hadi ng'ambo, nikamwacha mbali. Tulipokauka, unga mweupe wa jiwe ulitusaliti sote wawili. Mama alinichapa mimi.

"Msichana wa kuogelea, nani atakuoa?"

Kaka alimiminiwa chai, magoti yake meupe kama yangu.

Jana alinitumia picha ya bintiye, medali ya kuogelea shingoni.

"Huyu amenirithi mimi," aliandika.