Chakula Nilionja, Dawa Nikazuiwa

Mdogo wangu hajawahi kula chakula changu bila kukitoa kasoro. Wali bokoboko, samaki kakauka, chumvi hakuna. Kwa hiyo bakuli liliporudi kutoka mahabusu halijaguswa, na kesho yake tena, niliogopa kweli.

Alikamatwa akivusha mchele kwenda Malawi bila kibali, kosa ambalo wafanyabiashara wengi wa huku mpakani Njisi wanalijua vizuri. Hilo angelijibu mwenyewe. Shida ilikuwa dawa. Alizaliwa tukaambiwa ni mvulana, lakini tangu ujana anaishi kama mwanamke, na daktari alimwandikia homoni ambazo amezimeza kwa miaka. Kule ndani wakamnyang'anya, wakasema ni mambo ya urembo. Akaanza kutokwa jasho ovyo, hali, halali, haongei. Urembo! Niliwaka, nikajizuia, maana aliyebaki mikononi mwao ni yeye.

Wakili wa msaada wa kisheria, binti mpole asiyepaza sauti, alisimama mbele ya hakimu. "Mheshimiwa, mteja wangu haombi upendeleo. Ni dawa aliyoandikiwa na daktari, na mahabusu ana haki ya kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote." Hakimu aliuliza maswali mengi, mengine ya kuudhi, kisha akaamuru arudishiwe matibabu yake. Nikarudi kukaa kwenye benchi bila kutazama, karibu nimkalie mzee wa watu.

Kesho yake nilipeleka wali na dawa. Pale getini, anayeleta chakula hukionja kwanza mbele ya askari. Nikaonja. Askari akanisogezea pakiti ya vidonge.

"Na hivi."

"Afande, hivyo ni dawa."

"Onja, mama. Utaratibu ni huo huo."

Nikafungua mdomo. Kwa jinsi nilivyokuwa, ningemeza hata kidonge kimoja ili tu pakiti imfikie. Muuguzi wa gereza, aliyekuja kuipokea, akaniwahi mkono.

"Afande, dawa za presha nazo huwa unawaonjesha?"

Askari akacheka kwa aibu. Mimi nikacheka mpaka nikalia, na sikuona haya, maana nilikuwa na furaha.

Wiki iliyofuata bakuli lilirudi jeupe, limesafishwa mpaka punje ya mwisho. Askari yule yule ndiye aliyenikabidhi.

"Mdogo wako anasema ndaga fijo, anakushukuru sana," akaniambia. "Ila wali ulikuwa bokoboko, na chumvi hakuna."