Beki Aliyefundishwa na Ndama

Sogeza kiti karibu, rafiki yangu, nikueleze taratibu, ingawa moyo wangu bado unakwenda mbio. Jumamosi iliyopita nilikuwa hapa Shelui, ninakofundisha, nimebanana na watu kwenye kibanda umiza tukitazama mechi ya timu za taifa. Kamera ikapita kwenye benchi la makocha wa Komoro. Nikaruka, soda ikanimwagikia mapajani.

"Yule! Yule mwenye mvi! Alikuwa anazuia ndama wetu!"

"Mwalimu, kaa basi, unatuziba," akasema kijana wa nyuma yangu.

Nikakaa, lakini mechi sikuiona tena. Nililiona zizi la bibi yangu, kule Unyambwa, pembeni mwa mji wa Singida.

Nianze na zizi, lenye ukuta wa udongo upande mmoja, ili usipotee. Nilikuwa binti wa darasa la tano, nikiishi na bibi. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake. Kila jioni bibi alimwacha ndama anyonye kidogo ili mama yake ashushe maziwa, kisha akamwondoa na kuanza kukamua. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati ya ndama na mama yake mpaka kibuyu kijae. Unaweza kudhani ni kazi ndogo. Jaribu wewe kumzuia ndama mwenye njaa, anayesikia maziwa yakichuruzika! Akinipita, jioni hiyo tulikunywa chai ya rangi, na bibi alisema bila kupandisha sauti, "Ndama amekunywa chai yetu."

Chumba cha uani kilipangwa na beki wa timu ya mjini, mtu mrefu kutoka visiwa vya Komoro. Sisi watoto tulimwita Kaka Beki. Alimwamkia bibi shikamoo mkono ukiwa kifuani, akala mlenda wetu bila kukunja uso, na jioni alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisugua viatu vyake vya mpira kwa mswaki mkuukuu huku akitusimulia maisha yake. Alijifunza mpira pekupeku kwenye mchanga mweusi wa volkano. Akaenda Ulaya, timu ya daraja la chini, akacheza kwenye theluji mpaka goti likapasuliwa. Alikuwa ameichezea nchi yake, nchi ambayo, alisema, "watu wake wote mkiwakaribisha Singida, kuku wenu watawatosha na wengine watabaki." Alitaka jambo moja tu: aitwe timu ya taifa mara nyingine kabla goti halijamgomea.

Basi, Jumapili moja mambo yakaharibika. Winga mmoja mfupi alimpita mara tatu, na mara mbili ikawa goli. Jirani yetu, fundi baiskeli, alimsubiri njiani.

"Beki gani wewe? Wewe ni mlango wa choo cha stendi, kila mwenye haraka anaingia!"

Tulicheka mpaka machozi, kisha tukauona uso wake, tukaacha kucheka. Jioni ile alimweleza bibi kwamba kocha amempa mechi moja tu, ya Jumapili inayofuata. Akipitwa tena, atakaa benchi mpaka msimu uishe. Na mtu wa benchi haitwi timu ya taifa.

"Mwanangu, ya mpira siyajui," bibi akasema. "Nizuilie ndama, huyu mtoto apeleke kuni jikoni."

Kaka Beki akaingia zizini. Ndama akatikisa kichwa kushoto, Kaka Beki akarukia kushoto, ndama akapita kulia. Mchezaji wa kimataifa akakaa kwenye mavi ya ng'ombe! Nilicheka na kuni zangu mkononi.

"Kaka," nikamwambia, "unamwangalia kichwa. Kichwa kinadanganya. Mwangalie bega. Bega likienda, na yeye ameenda."

"Na usimrukie," bibi akaongeza, paji la uso wake likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Mwachie njia, ila iwe ya ukutani."

Kaka Beki hakuinuka. Akasema palepale alipokaa, "Bibi, rudia."

Wiki nzima kazi yangu ikawa yake. Siku mbili za kwanza tulikunywa chai ya rangi. Ya tatu tulipata nusu kibuyu. Siku ya tano ndama alijikuta amebanwa ukutani, akatutazama kama aliyeonewa, na mimi nikanywa maziwa mpaka nikapata masharubu meupe.

Jumapili bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, akaingia uwanjani kwa mara ya kwanza maishani. Winga wa siku hiyo alikuwa mwepesi kuliko yule wa kwanza. Akaja na mpira, akayumbisha kichwa, akazungusha mguu juu ya mpira. "Bega!" nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Kaka Beki hakuruka. Alirudi nyuma kiupandeupande, magoti yamekunjwa, mikono wazi vilevile kama zizini. Winga akaiona njia ya pembeni, akaichukua, uwanja ukamwishia. Mpira ukatoka nje!

"Ukutani!" bibi akasimama. "Amempeleka ukutani!"

Kufikia kipindi cha pili upande wetu wote ulikuwa unaimba "Ukutani! Ukutani!" bila kujua ni ukuta gani, na aliyewashinda wote kwa sauti ni fundi baiskeli.

Mechi ikaisha bila bao. Bibi hakuelewa.

"Sasa mbona hakuna aliyefunga?"

"Ndiyo kazi yake, bibi. Wasifunge."

Akafikiri. "Kumbe ni kazi ya zizini tu."

Alhamisi yake tulikuwa tunakamua simu ya Kaka Beki ilipolia. Aliongea kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kisha akairudisha simu mfukoni. Sikumtazama usoni, nilimtazama bega. Lilikuwa linatetemeka.

"Wameniita, bibi."

Nikapiga vigelegele, yeye akaniinua juu, na ndama akatupita wote wawili.

"Haya," bibi akasema, akikiweka kibuyu kitupu chini, "leo chai ya rangi, na tuinywe kwa furaha."

Msimu ulipoisha aliondoka. Bibi ametutoka. Palipokuwa na zizi sasa pana vyumba vya kupangisha, na maziwa ya kule yanauzwa kwenye pakiti. Ukuta wenyewe haupo. Lakini mabinti zangu wa shuleni wanajua kukaba, na sasa nawe unaweza. Kesho asubuhi mpe mwenzako mpira. Simama kiupande, hatua mbili mbele yake, kunja magoti. Tazama bega lake, mwachie njia ya pembeni tu, wala usimrukie.