Tulivyompima Mtoto kwa Siri

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mchana, hapa Juba, na hakulia. Niliinua kichwa nikamwona mikononi mwa mkunga, amelegea kama kitambaa kilicholowa, midomo imegeuka buluu.

Mkunga alimkausha, akamsugua mgongo, kisha akamlaza mezani kando yangu. Alimfunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo yenye mfuko wa mpira, akaanza kuuminya na kuuachia, kuuminya na kuuachia.

"Amekufa?" nikauliza.

"Bado, mama," alijibu bila kugeuka. "Moyo iko. Hewa ndiyo inakosa. Ngoja."

Nikangoja. Mwishowe mtoto alikoroma, kisha akatoa kilio chembamba ambacho sikukiamini hadi aliporudia. Mkunga akajifuta jasho kwa kiwiko. "Kwes," akasema, kwa Kiarabu cha Juba: vizuri. Akampeleka kuwekewa oksijeni.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alituketisha mimi na mume wangu. Alisema ubongo wa mtoto ulikosa hewa kwa muda. Wengine hupona kabisa, wengine hubaki na shida ya kusikia, kuona au viungo. "Mwangalieni anavyokua," alisema. "Sasa hivi siwezi kuwaahidi kitu."

Tukarudi nyumbani Gurei na maneno hayo, na hatukuyazungumza tena. Mume wangu, Mkenya mwenzangu, alikuwa dereva wa boza, lori la tangi la kuuza maji. Mimi nilikuwa mpokeaji wageni katika hoteli moja ya Amarat, na nilikuwa bado likizo ya uzazi. Kila alipoenda kazini nilimlaza mtoto kitandani nikapiga makofi nyuma ya masikio yake. Nilipitisha leso nyekundu mbele ya macho yake nione kama ataifuata. Nilimpa kidole akishike kwa mkono huu, kisha kwa ule, nikilinganisha nguvu. Akiitikia, moyo ulitulia hadi jioni. Akisinzia tu, nilishinda bila kula.

Likizo ilipoisha, mtoto alikuwa ameanza kuketi akiegemezwa mito. Mama mmoja Mganda, jirani yetu, akawa ananishikia mtoto mchana. Siku moja jenereta ya hoteli iliharibika, tukaachiliwa mapema. Nilipokaribia mlango wetu nikasikia mlio wa sufuria. Kuchungulia, mume wangu amemchukua mtoto kwa jirani, amechuchumaa nyuma yake, kifuniko mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Aligonga upande wa kushoto, akatulia akimtazama, akahamia kulia.

"Unafanya nini hapo?"

Alishtuka. "Nasafisha kifuniko."

"Kwa mwiko?"

Akaketi sakafuni. "Nampima," alisema. "Tangu tutoke hospitali, kila nikipata nafasi. Nilikuona umetulia, nikaona nisikutie hofu."

"Mimi nampima kwa makofi," nikamwambia. "Na kwa leso."

Akaanza kucheka, nami nikacheka hadi machozi yakanitoka. Mtoto akatuangalia mmoja baada ya mwingine, naye akacheka, ufizi mtupu.

"Maskini," mume wangu alisema, "hajapata kupumzika tangu azaliwe."

Wiki hiyohiyo tulimpeleka pamoja kwa daktari wa watoto kule Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Alimvuta mikono akae, akamgeuza kifudifudi, akamsimamisha mapajani mwake. Alikuwa bado anapapasa mfukoni kutafuta kengele ya kumpimia masikio wakati ndege ilipopaa uwanjani. Mtoto akageuza shingo haraka kuitafuta dirishani. Daktari akaiacha kengele palepale.

"Mtamrudisha akianza kutembea, tumwangalie tena," alisema. "Lakini kwa ninavyomwona leo, mtoto wenu yuko sawa."

Tulipotoka tulipita kibandani, tukaagiza chapati na maharagwe. Nilimaliza sahani yangu, nikahamia ya mume wangu.

"Pole pole, mama," alisema.

"Nina njaa," nikamjibu, na akaniagizia nyingine.