Sindano Iliyomjua Baba

Juzi niliwaona vijana Bububu wakikimbia na ramani mkononi, dira zikining'inia shingoni, na harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya njia ikanirudisha kwa kaka yangu Salim.

Wakati huo, mimi ningali mdogo, wiki nzima alikuwa akijizoeza kwa mashindano ya skuli: kutafuta vibendera vilivyofichwa mikarafuuni, kwa ramani na dira. Dira yenyewe ilikuwa ya baba, aliyoitumia safarini kutafutia kibla. Baba alikuwa ameshakwenda Maskati. Nilipomuuliza mama ni wapi huko, alinyoosha mkono upande tunaoelekea tukisali, kule kule ilikoelekea sindano ya dira. "Huko, mwanangu."

Basi mimi nikaelewa kwamba sindano inamjua baba.

Mchana wa mashindano Salim alinipa dira nimshikie, afunge raba zake. Sindano ikatikisika, ikatulia. Nikaifuata. Nyuma yangu filimbi ililia, majani makavu yakavunjika chini ya makubadhi yangu, nami sikugeuka mpaka bonde la mpunga liliponizuia.

Wenzake walikuwa wakitafuta vibendera. Salim alinitafuta mimi. Alinikuta nimekaa ukingoni, miguu imejaa tope.

"Wenda wapi?"

"Nnakwenda kwa baba."

Nilingoja kofi. Akachutama kando yangu, akaitazama ile sindano kwa muda mrefu, mpaka mashindano yakaisha bila yeye.

Siku hizi najua kwamba sindano hutafuta kaskazini tu, haimjui mtu. Lakini nikisimama kwenye mswala, kabla sijahirimia sala, bado huangalia mbele kwanza, kama baba anakuja.