Kilo Sitini za Fundi Saa

Fundi saa alikuwa mwembamba hata wateja wakamwita Mshale, na kwa kumtazama usingedhani anaweza kunyanyua kitu kizito kuliko bisibisi. Kumbe kwa miaka saba, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla ya kufungua duka, alipitia jimu nyuma ya gereji na kunyanyua chuma cha kilo sitini. Mazoezi yale yale matatu, mara kumi kumi. Hakuongeza, hakupunguza. Sitini ndizo kilo za mkewe zilizosomwa kwenye mizani ya hospitali mwaka ule miguu yake ilipokufa ganzi, na wa kumtoa kitandani hadi kitini alikuwa yeye peke yake. Hesabu yake ilikuwa fupi: nikikiweza chuma, nitamweza mke wangu.

Asubuhi moja, katikati ya kitanda na kiti, mikono ikamtetemeka. Alimfikisha, lakini alimtua kama gunia. Siku nzima dukani vibano vilimponyoka. Aliogopa kurudi nyumbani, maana jioni atambeba tena, na je, akimwangusha?

Kocha wa jimu, mama wa mabega mapana na ulimi usio na breki, alimcheka aliposikia.

"Miaka saba programu moja? Mwili umeshazoea, baba. Unakuja hapa kuvisalimia vyuma tu."

"Saa ikienda vizuri, huifungui."

"Wewe siyo saa. Kila wiki sita mpaka nane, badilisha. Siyo vyote kwa mpigo, utaumia. Ongeza uzito kidogo, au badilisha namna ya kunyanyua."

"Na mgongo ukikatika? Nani atambeba?"

Kocha akaacha kucheka.

Akabadilisha, roho mkononi. Chuma akaanza kukinyanyua kutoka sakafuni, na kila wiki akaongeza kilo moja. Kila alipoinama alijisikiliza kiuno, akingoja kitu kilie ndani. Hakikulia.

Wiki ya saba alimwinua mkewe, naye akapanda mwepesi kama mto wa kulalia. Fundi akaangua kicheko. "Umeona? Kocha yule mchawi!"

Mkewe hakucheka. Hapo ndipo kiganja cha fundi kilipozikuta mbavu zake, moja baada ya nyingine, chini ya gauni. Kicheko kikamkauka.

"Mke wangu, unakula?"

"Asubuhi nakula. Cha mchana unachoniachia, nampa jirani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipotetemeka. Nikasema nikupunguzie mzigo."

"Si ungeniambia!"

"Nikuambie nini? Niliogopa utachoka, unirudishe kwa kaka yangu."

Fundi alibaki amesimama naye mikononi, asijue amtue wapi. Woga wake yeye alikuwa akiupeleka jimu mara tatu kwa wiki. Wa mkewe ulibaki humu ndani ukimla, na hakuna siku aliyouuliza hali. Sasa aliogopa kweli kweli, na hakukuwa na chuma cha kunyanyua kwa ajili ya hilo.

Duka halikufunguliwa siku hiyo. Alimtua kitini, akakaanga mayai manne, akavuta kiti kingine, akakaa mbele yake.

"Hurudi popote," alisema. "Kula."

Mkewe akala polepole, macho yote kwenye mikono ya mumewe.